Mkikosana na Rafiki: Hatua kwa Hatua Mpaka Msikizane Tena

Mimi na shoga yangu niliyesoma naye chuoni, yaani madrasa, tangu tuna miaka sita tuliwahi kukaa miezi saba bila kusemezana. Kisa chenyewe kilikuwa shilingi 3,500. Alikwenda Mombasa kununua kitambaa cha sare ya arusi, akanilipia na mimi. Nilimpa kaka yangu pesa amfikishie. Kaka akazitumia kwa haja yake akinuia kuzirudisha. Hakuzirudisha, wala hakuniambia. Shoga yangu akawa anangoja niseme neno. Mimi namwona amenikunjia uso, nikadhani ameniona si wa kiasi chake tena tangu mumewe apate kazi bandarini. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika ya jambo lisilokuwapo.

Hapa Lamu hatuna pa kukimbiana. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni ule ule mmoja, soko ni lile lile mbele ya ngome, na arusi na matanga yote tunakutana. Nyumba za mtaa wa Mkomani zimebanana, nyingine zimeunganishwa kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia, hivyo ugomvi wa sauti kubwa unasikika nyumba ya tatu kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo rafiki mliyekosana hapotei machoni. Unampita kila siku, na kila siku jeraha linatoneshwa. Ndiyo sababu nimeandika haya yote kwa urefu. Nimepoteza miezi saba ya mtu ninayempenda, na sitaki mwingine aipoteze.

Salamu isikatike

Hii ni hatua ya kwanza, na inafanywa siku ile ile ya ugomvi, kabla hujajua nani ana haki. Ukikutana naye, toa salamu. Si lazima usimame, si lazima ucheke, si lazima uulize habari za watoto. "Asalaam aleikum," basi, upite. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) tunayajua tangu utotoni: si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageukia huku na yule kule, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Zitazame hizo siku tatu. Mtu amepewa nafasi ya kukasirika, kwa sababu hasira ni ya binadamu. Asichopewa ni ruhusa ya kuifanya hasira makao.

Salamu ina kazi ya vitendo pia. Ikikatika siku moja, siku ya pili kila mmoja anangoja mwenziwe aanze. Siku ya kumi aibu imekuwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Mwezi wa tatu hata sababu mmeisahau, lakini kunyamaza kumekuwa desturi, na desturi ni ngumu kuvunja.

Sisi walioturudisha ni punda. Nilikuwa napita kichochoro cha Langoni, wakaja punda wawili wamebeba saruji, nikaingia ndani ya daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya watu kuwapisha. Yeye alikuwa anatokea upande wa pili, akaingia daka lile lile. Tukasimama bega kwa bega, kila mtu anatazama ukuta. Akasema, "Asalaam aleikum." Nikaitika, sauti yangu haikutoka vizuri. Punda wakapita, kila mmoja akaenda zake. Hatukusema jingine, lakini usiku ule sikulala nikiwaza kwamba ameanza yeye.

Jiulize mnagombania kitu gani

Kabla ya kumwendea, kaa peke yako ulitaje jambo kwa sentensi moja. "Nimeudhika kwa sababu alisema habari ya mwanangu mbele ya wifi yake." Ukishindwa kulitaja kwa sentensi moja, hujawa tayari kuzungumza, una hasira tu, na hasira isiyo na jina hukamata kila kitu kilicho karibu.

Kwa nilivyoona, ugomvi wa marafiki huwa wa namna nne, na kila namna ina dawa yake. Upo wa kitu, yaani pesa, vifaa, kazi mliyofanya pamoja. Upo wa neno, lililosemwa vibaya au lililosemwa mahali pasipofaa. Upo wa dhana, ambapo hakuna kilichotendeka ila ulichojaza mwenyewe moyoni. Wetu ulikuwa huu, ingawa ulivaa nguo ya pesa. Leso nyingi zimeandikwa "Mdhaniaye ndiye siye," nami nilikuwa nikijifunga leso hiyo miezi yote ile bila kusoma jina lake.

Wa nne ni wa rai, na huu nataka kukaa nao kidogo kwa sababu ndio unaovunja urafiki bure kabisa. Rai haina suluhu ya kuomba radhi, kwa kuwa hakuna aliyekosa. Mwaka mwingine mwezi unaandama kwingine na hapa haujaonekana. Huyu anasali Idi leo na yule bado ana saumu, na wote wawili wamekaa darsa moja. Huyu anahudhuria Maulidi pale msikiti wa Riyadha tangu amebebwa mgongoni, yule anaona si jambo la kufanya. Au chukua mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasini. Miaka ile mabaraza yaligawanyika: wengine wanasema vijana watapata kazi, wengine wanauliza mikoko na samaki watakwenda wapi. Leseni ya mradi ilifutwa na jopo la kisheria la mazingira Juni 2019. Mtambo haukujengwa, lakini nawajua wanaume wawili waliosusiana kwa ajili yake, na mpaka leo hawachezi bao pamoja.

Ikiwa mnachogombania ni rai, usitafute kumshinda. Mwombe akueleze anavyoona mpaka mwisho, usimkatize, kisha umweleze unavyoona wewe. Halafu semeni wazi: "Hapa hatuoni sawa, tuache." Na mkiacha, acheni kweli. Usimtumie video jioni. Kama mmoja wenu ana mazoea ya kulirudia jambo mezani, wekeni mpaka kwa maneno: hili hatulizungumzi tukiwa tunakula, wala mbele ya watoto. Ikiwa amekutukana katikati ya mjadala, hapo umeingia ugomvi wa neno, na neno lina njia yake nitakayoieleza.

Ziba mianya

Saa 24 za kwanza ndizo zinazoamua ugomvi utakuwa wa watu wawili au wa mtaa. Usimhadithie mtu ila mmoja, na huyo awe anayeweza kukwambia "na wewe ulikosa." Rafiki anayekubaliana na kila usemalo ukiwa na hasira hakusaidii, anakuongezea kuni.

Simu nayo iweke mbali. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ulioutuma usiku unaweza kusikilizwa na mumewe, mamake na dada zake kabla ya alfajiri, na kesho ukiwa umetulia huwezi kuurudisha. Usiweke maneno ya mafumbo kwenye status. Kila mtu atadhani ni yeye, na anayehusika atajua ni yeye.

Kina mama wenzangu mtaniwia radhi nikisema la leso. Tunajua kupigana vijembe kwa jina la leso: unajifunga yenye neno kali, unapita mbele ya mlango wake mara mbili, na yeye kesho anakujibu kwa yake. Ni ufundi wetu, una uzuri wake, lakini haujapata kumaliza ugomvi. Fumbo halijibiki kwa ukweli. Linajibika kwa fumbo jingine tu. Na kusuta, kumwendea mtu mlangoni na mashahidi umtoe aibu hadharani, hiyo iache kabisa. Hata ukiwa na haki yote, aliyesutwa mbele za watu hawezi kurudi kuwa rafiki. Utakuwa umepata haki na kumkosa mtu.

Mwite kwa maneno machache

Hasira ikishuka, baada ya siku moja au mbili, mtumie ujumbe mfupi au mtoto umwaminiye. Ujumbe ni wa kuita tu, si wa kuzungumza. Kwa mfano:

"Salaam shoga yangu. Nina jambo linanikaa moyoni na sitaki likae. Kesho baada ya Alasiri tutembee kidogo?"

Humo hakuna lawama, wala hujasema nani kakosa. Umekiri jambo lipo, na umetaja siku. Usiandike "tunahitaji kuongea," ukaacha hapo. Utamnyima usingizi na atakuja amejikinga. Kwa mwanamume anayemwita mwenziwe, maneno yawe mafupi zaidi, lakini siku na saa vitajwe, kwa sababu "tutaonana inshallah" inaweza kuchukua mwaka.

Mahali na saa

Usizungumzie barazani, wala uwanja wa Mkunguni, wala dukani kwake mbele ya wateja. Palipo na watazamaji kila mtu anapigania heshima yake, na jambo lenyewe linasahauliwa. Nyumbani kwako pia si pazuri. Atajiona ameitwa kuhukumiwa. Saa ya mwisho kabla ya kufuturu msiijaribu, wala usiku mkiwa mmechoka.

Mahali ninapopaona bora kuliko pote ni njia ya pwani kwenda kijiji cha Shela. Ni kama kilomita 3, dakika 40 kwa mwendo wa pole. Mnatembea sambamba, macho yako baharini, hamkaziani macho. Neno zito ni jepesi kulisema ukitazama jahazi linaingia kuliko ukitazama macho ya mtu uliyemuudhi. Pakizuka ukimya, ukimya wa watu wanaotembea hauumizi. Tena safari ina mwisho, kwa hivyo mazungumzo hayawi ya kukucha. Angalieni maji kwanza, maana yakijaa baadhi ya sehemu hufunikwa. Na msipofika Shela, rudini tu.

Mazungumzo yenyewe

Aliyeita ndiye aanze. Anza kwa thamani yake kwako, kweli na kwa ufupi: "Miaka ishirini na mbili mimi nawe, sipendi tulivyo sasa." Halafu taja jambo moja lile ulilolitia kwenye sentensi. Lieleze kama ulivyoliona wewe, kisha umuulize alivyoliona yeye.

Tofauti ya maneno hapa ni ndogo na kazi yake ni kubwa. "Uliniaibisha" ni hukumu. Atajibu "sikukuaibisha" na mtaanza kukokotana. "Uliposema vile mbele ya wifi yako, niliona aibu" ni habari ya moyo wako, na hakuna anayeweza kukwambia hukuona aibu. "Wewe kila siku uko hivyo" inafukua makaburi yote tangu utoto. "Watu wote wanasema" ni mbaya kuliko yote, kwa sababu sasa hatawaza kosa lake, atawaza ni nani aliyesema. Mamake, mumewe na kabila lake usiwaguse hata kwa mbali.

Kisha nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu, na wengi wetu tunaikosea kwa sababu tunadhani kusikiliza ni kungoja zamu. Akimaliza, usijibu kwanza. Mrudishie ulichosikia: "Kwa hivyo uliona nimekupuuza kwa sababu sikuja siku ya posa, sivyo?" Akisema "sivyo," muulize tena mpaka aseme "naam, ndivyo." Mpaka afike hapo hajawa tayari kukusikia wewe. Unaweza kuona unampa haki asiyo nayo. Hujampa haki yoyote, umeonyesha tu kwamba umemsikia.

Siku yetu, nilimweleza vile nilivyomwona amebadilika tangu mumewe aanze kazi. Alisimama pale pale mchangani.

"Kazi ya mume wangu? Mimi nangoja pesa za kitambaa."

"Si nilimpa kaka akuletee?"

"Kaka yako hakuniletea kitu."

Tulinyamaza wote. Kisha akaniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Na hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Lakini naye hakuniuliza mimi, na alilikiri hilo mwenyewe tukiwa tunarudi.

Mkiona sauti zinapanda, yeyote kati yenu aseme, "Tupumzike, tuendelee kesho baada ya Alasiri." Taja saa ya kurudi. Kuondoka bila kutaja saa ni kususa, hata ukiuita kupumzika.

Kuomba radhi

Kabla ya Ramadhani simu zetu hujaa ujumbe wa "niwie radhi kama nimekukosea," umetumwa kwa watu mia kwa kidole kimoja. Ni desturi njema, ila haitoshi kwa mtu uliyemuumiza hasa. Yeye anangoja ulitaje kosa.

Radhi kamili ina vitu vitatu: unataja ulichofanya, unataja kilimfanya nini, na unasema utafanya nini. "Nilisema siri yako kwa fulani. Nilikuvunjia imani, na umeona haya kupita mtaani. Nimekwenda kwake nimemwambia nilikosa kusema." Usitie "lakini" katikati. Usiseme "kama nilikukosea" wakati unajua umekosa. Na ukishaomba, usimdai msamaha papo hapo. Mwingine anahitaji siku.

Anayeombwa naye ana kazi. Ukisamehe, sema umesamehe, kwa sauti. Ukijiona hujaweza, sema "nipe muda," hilo ni neno la haki. Baya ni kusema yamekwisha kisha uyahifadhi ya kutumia ugomvi ujao.

Ikiwa ni pesa

Hapa nitasema kwa ukali kidogo: pesa hazimalizwi kwa mapenzi, zinamalizwa kwa hesabu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, inatuamrisha kuandika deni, na sisi tunaona haya kuandikiana eti ni marafiki. Kaeni na karatasi. Fungueni ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja mwone nini kilitumwa na lini. Andikeni kiasi kilichobaki, na kitalipwaje: kama ni 6,000, basi 1,500 kila mwisho wa mwezi kwa miezi minne, kila mtu na nakala yake. Mpe mwenzio pesa zake mkononi au kwa simu yake, usizipitishe kwa mtu wa tatu. Ukiamua kulisamehe deni, tamka kwamba umelisamehe na usilitaje tena maishani; deni lililosamehewa nusu ni zito kuliko deni lenyewe.

Mimi nilimtumia zile 3,500 jioni ile ile, kabla sijazungumza na kaka. Habari ya kaka ilikuwa yangu, haikumhusu yeye.

Msiposikizana wenyewe

Mkijaribu mara mbili mkashindwa, tafuteni msuluhishi mmoja. Wawili watagawanyika. Awe anawapenda nyote, asiwe na deni kwa yeyote kati yenu, na awe mtu ambaye hujawahi kusikia siri ya mwingine kinywani mwake. Hiki cha mwisho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Bibi au shangazi wa makamo mara nyingi anafaa kuliko mzee mwenye jina, kwa sababu mwenye jina hutaka kutoa hukumu, na nyinyi hamtafuti hukumu. Mama zenu waacheni. Hawawezi kuwa katikati hata wakitaka.

Kila mmoja amweleze kisa chake mbele ya mwenziwe, si faraghani. Ukimwendea peke yako kwanza umeshaanza kumvuta.

Akikataa

Wapo watakaokataa kuja, au watakuja na kutoka vilevile. Fanya hivi: mpe salamu yako kila mkutanapo, nenda kwenye matanga yake na arusi zake, na usimseme. Usimtumie watu kila wiki kumbembeleza; mara moja baada ya mwezi inatosha, na mara nyingine Idi ikifika. Mengi yamefunguka Idi.

Lakini kuna urafiki usiofaa kurudishwa ulivyokuwa. Anayekupiga, anayekuibia, anayetoa siri yako kila akikasirika, huyo msamehe ukiweza na umwekee mpaka. Salamu yake mpe. Ufunguo wa nyumba usimpe.

Baada ya kusikizana

Wiki za kwanza msijilazimishe kuwa kama zamani. Maneno yatakuwa na adabu nyingi mno, na hilo ni kawaida. Kidonda kikipona ngozi huwa laini kwanza. Anzeni kwa vitu vidogo vya mikono. Mimi nilimpelekea mkate wa sinia kwenye sahani, maana sahani kwetu hairudi tupu, nikajua itabidi irudi na kitu. Ilirudi baada ya siku mbili na mahamri. Ikaenda tena.

Kazi ya mwisho ndiyo watu wengi wanaiacha. Wale uliowahadithia ukiwa na hasira bado wamebeba ubaya wa rafiki yako mliopatana naye. Warudie mmoja mmoja, uwaambie: "Lile nililokwambia halikuwa hivyo. Nilikosea, na sisi tumepatana." Wakitaka kujua zaidi, usiongeze. Mimi nilikuwa na watano wa kuwarudia. Wanne walikuwa wepesi. Wa tano alikuwa mama, na kwake nilikaa mpaka Isha, kwa sababu miezi saba yote alikuwa ameuona uso wangu kila nikirudi sokoni, na ilinibidi nimweleze mpaka habari ya kaka.